Mzee wangu wa Brooklyn aliniambia "piga simu". Je, kwa sheria yao alikuwa mchongezi?

Bi Ngamiani (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum, na habari zenu wanajamvi. Swali langu liko chini kabisa, ila bila kisa halieleweki, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa Tanga, na New York ni mwaka wa kumi sasa. Kazi yangu kulea wazee majumbani. Wenzangu wanaita kubeba boksi. Boksi langu mimi lilikuwa na pumzi, hasira na miaka 87. Mzee wa Kiyahudi wa Borough Park, Brooklyn, wa wale wanaovaa koti jeusi hata joto la Agosti. Nilikuwa nalala kwake siku nne kila wiki. Ngazi zilikuwa zimemshinda zamani, hivyo dunia yake ilikuwa chumba, jikoni na mimi.

Kuna jambo lazima mlijue. Siku ya Sabato hawawashi taa wala hawagusi simu, na hata mimi nisiye Myahudi hana ruhusa ya kuniambia "washa". Dawa zake aliniagiza waziwazi, ugonjwa una ruhusa yake. Lakini taa ya kusomea, hapana. Alichofanya ni kusema hewani, kama anajisemea: "Leo chumba kina giza kweli." Nami nanyanyuka. Miaka mitatu tuliishi kwa mafumbo hayo kila Ijumaa magharibi ikiingia. Mimi mtoto wa pwani, mafumbo nimeyanyonya na maziwa. Tulielewana kuliko alivyoelewana na wanawe.

Ikaja corona. Kuanzia 22 Machi 2020 mikusanyiko yote ilipigwa marufuku jimboni, masinagogi yakafungwa, ving'ora vya gari la wagonjwa usiku kucha mpaka unazoea. Mwanawe mkubwa, anayekaa ghorofa ya chini yetu na familia yake, akafungua sala katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba ileile. Sala yao ya jamaa inataka wanaume kumi. Mimi nilikuwa nahesabu kofia kwa dirisha la jikoni, wakipita mlango wa nyuma: ishirini, ishirini na tano. Mzee hakuwa mtu wa kudharau mambo haya. Mwaka mmoja nyuma, surua ilipoingia Williamsburg na jiji likalazimisha chanjo kwa faini ya hadi dola 1,000, aliwagombeza wajukuu waliochelewesha watoto mpaka akakosa sauti.

Pasaka yao ikaangukia Alhamisi 9 Aprili. Sikukuu siku mbili, zikaungana na Sabato, siku tatu mfululizo bila simu. Jumamosi asubuhi wanaimba kule chini, na katikati ya wimbo kuna mtu anakohoa, kile kikohozi kikavu. Mzee akaniita. Hakusema kuna giza. Alisema, kwa Kiingereza chake cha Hungaria: "Chukua simu yako. Piga. Wape namba ya nyumba hii." Nikamuuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Akasema, "Piga."

Nikapiga 311, namba ya malalamiko ya jiji. Wakaja askari wawili, wakaongea mlangoni, watu wakatawanyika. Hakuna aliyekamatwa.

Mzee alifariki 2022, kwa moyo, si corona. Wiki iliyopita binti yake kanipigia analia. Anasema mtaani jina la baba yake limekuwa "moyser". Maana yake, mtu anayemkabidhi Myahudi mwenzake kwa serikali. Kuna posa ya mjukuu imevunjika, wakwe wamesikia habari hiyo wakarudi nyuma. Sasa kaka yake, yule mwenye sala, anawaambia watu mzee siku zile alikuwa amechanganyikiwa, hakujua asemalo. Binti anataka nimwambie kama baba yake alikuwa na akili timamu.

Akili alikuwa nazo kuliko mimi. Alizaliwa Budapest; 1944, akiwa na miaka 11, Wanazi wakiwasaka Wayahudi, jirani aliwataja walikojificha. Neno hilo alijua linavyouma.

Swali langu: kwa sheria yao wenyewe, si kwa maoni yetu sisi, mzee alikosea? Sitaki kumfariji binti wa watu kwa uongo. Kwetu Waislamu namima, yaani uchongezi, najua hukumu yake. Ya kwao siijui.

Kijiwe Nongwa

Bi mkubwa, mnoko ni mnoko tu. Bweni letu alikuwepo mmoja anawataja waliotoroka kwenda kwenye disko, mpaka leo harusini hatumwaliki, na tuna vitambi na wajukuu. Halafu sisi huku 2020 tulijifunika shuka, tukapiga nyungu, maisha yakasonga, nyie mnaitiana polisi kwa kusali?

Mwalimu Mstaafu

Dada wa Tanga, hongera kwa kuuliza kabla ya kujibu. Nimefundisha Agano la Kale miaka 26, na Kiebrania nilikisoma Yerusalemu. Lakini mimi Mlutheri wa Machame, si rabi. Haya yachukue kama ya jirani aliyechungulia dirishani kwa muda mrefu.

Mtu huyo kwa Kiebrania ni moseri, tendo ni mesira, yaani kukabidhi. Kwao ni zito kuliko unoko wa Nongwa. Sala yao ya kila siku ina dua maalumu kwamba wachongezi wasiwe na tumaini. Katika Talmudi, mkusanyo wao wa kale wa mijadala ya marabi, Mar Ukva, mkubwa wa Wayahudi wa Babeli, anamwandikia Rabi Elazar: kuna watu wananiandama, na ninao uwezo wa kuwakabidhi serikalini, nifanyeje? Anajibiwa kwa mstari wa Zaburi ya 39, ule wa kujitia lijamu kinywani mwovu akiwa mbele yako. Funga mdomo, basi.

Kisa ninachokipenda ni cha Rabi Elazar mwingine, mwana wa Rabi Shimon. Huyu Warumi walimpa kazi ya kukamata wezi, naye akaifanya kwa bidii. Mzee mmoja akamtumia salamu: "Siki, mwana wa divai! Hata lini utawatoa watu wa Mungu wetu wakauawe?" Akajitetea kwamba anang'oa miiba shambani. Akarudishiwa jibu: "Mwenye shamba na aje ang'oe miiba yake." Hiyo "mwana wa divai" ina sindano ndani yake. Baba yake, Rabi Shimon bar Yohai, aliishi pangoni miaka 13 kwa sababu maneno yake yalipelekwa serikalini. Yaani mtoto wa aliyechongewa amegeuka mkamataji. Nadhani kwa mzee wako aliyetajwa na jirani 1944, ingetosha kumtamkia hilo neno moja tu, siki.

Sasa fungua Walawi 19:16. Ni mstari mmoja. Nusu ya kwanza inakataza kuzunguka na uchongezi. Nusu ya pili inakataza kusimama tu wakati damu ya mwenzako iko hatarini. Watu hukata mstari huo katikati na kuondoka na kipande wanachokitaka.

Na kitabu chao cha sheria hakikuukata. Ni Shulchan Aruch wa Joseph Karo, uliochapwa Venice 1565, na chapa za baadaye zina ndani yake nyongeza za Moses Isserles wa Krakow. Fungu la 388 la sehemu ya Choshen Mishpat linaanza kwa ukali dhidi ya mchongezi, mpaka unaona mlango umefungwa kwa kufuli. Kisha linasema: anayewatesa watu wote, inaruhusiwa kumkabidhi. Isserles anatoa mfano wa mtu anayeghushi fedha, ambaye akigunduliwa balaa litawashukia wengi. Huyo, anasema, mnamwonya aache. Asiposikia, mnaweza kumkabidhi, mkieleza kwamba ni yeye peke yake, wengine hawamo. Mahali pengine, fungu la 425, anamwita mtu wa namna hiyo rodefu, yaani anayemkimbiza mwenziwe ili amuue, na rodefu lazima azuiwe. Angalia vizuri: mghushi pesa hana nia ya kumuua mtu yeyote. Anatafuta riziki yake chumbani kimya. Kinachomhukumu ni hatari anayoileta juu ya vichwa vya majirani. Mwanawe mzee naye hakuwa na nia mbaya, alitaka kusali Pasaka.

Kuhusu maradhi hawana utata mkubwa. Talmudi inasema tauni ikiwa mjini, kusanya miguu yako, maana yake kaa ndani. Rava, mmoja wa marabi wa Talmudi, alikuwa akifunga hata madirisha. Maimonides, mwanasheria wao mkubwa wa karne ya 12, anaandika kwamba mtu anayesema "najihatarisha mwenyewe, wengine inawahusu nini" apigwe viboko. Na 1831, kipindupindu kilipoingia Posen, mji uliokuwa chini ya Prussia, Rabi Akiva Eiger aliagiza watu wasizidi 15 kwenye sala moja, waingie kwa makundi tangu alfajiri. Akashauri hata ulinzi wa polisi utumike, watu wasisukumane kuzidi idadi. Rabi mkubwa kuliko wote wa Posen, anataka polisi kwenye mlango wa sinagogi! Mfalme wa Prussia alimpelekea shukrani.

Halafu lile la fumbo la taa, dada, umelipita haraka na ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Siku ya Sabato kumwagiza asiye Myahudi kwa ajili ya starehe hairuhusiwi, ndiyo maana ya "chumba kina giza". Lakini uhai ukiwa hatarini, Sabato inasogea pembeni. Hata Myahudi mwenyewe anaweza kushika simu, na anayechelewa kwa kuuliza-uliza analaumiwa. Mzee alipoacha fumbo akasema waziwazi, alikuwa amekwisha kutoa hukumu kabla hujainua simu: hili ni jambo la kufa na kupona. Mtu aliyechanganyikiwa hageuzi lugha yake kwa ustadi huo.

Nina swali moja, na sheria yote imening'inia hapo. Kabla ya simu, mwanawe alionywa? Umesimulia Jumamosi tu. Kama hakuonywa, wanaomsema mzee wana pa kushika.

Kijana wa Arava

Hamjambo. Mimi niko Eldoret sasa, lakini 2020 nilikuwa Israeli, kule jangwani Arava, nikijifunza kilimo cha pilipili hoho. Mambo ya vitabu namwachia Mwalimu, mimi nasema yale yaliyotangazwa tukiwa tumefungiwa mabwenini. Katikati ya Machi, Rabi Chaim Kanievsky wa Bnei Brak, mzee wa miaka 92 ambaye neno lake kwa watu wake lilikuwa kama sheria, alijibu kwamba shule za Torati zisifungwe. Kila mtu akasema hao basi hawatasikia. Mwishoni mwa mwezi huohuo ikatoka barua yake nyingine: kila mtu asali peke yake, anayekaidi ni rodefu, na kumripoti kwa serikali inaruhusiwa. Bosi wetu shambani, mtu asiyeenda sinagogi hata kidogo, aliisoma mara mbili kwa simu akacheka kwa mshangao.

Kufikia Aprili mji ule ulikuwa umezingirwa, wanajeshi wakawa wanawapelekea watu chakula mlangoni. Sasa hiyo barua ilitoka kabla ya Pasaka ya mzee wako, dada. Kama hata yeye aliisikia sijui, lakini hakuwa peke yake kufikiri hivyo.

Kijiwe Nongwa

Mwalimu, nimekuelewa kwa kiasi. Lakini mbona naona ni kulindana tu? Mwenzao akiiba, lijamu mdomoni. Akikohoa, polisi. Sheria gani hiyo?

Mwalimu Mstaafu

Nongwa, unaisoma kama vile serikali ya siku zote ilikuwa na hakimu, wakili na rufaa. Tsar Nicholas wa Kwanza, kuanzia 1827, alikuwa akichukua watoto wa Kiyahudi wa miaka 12 kwa jeshi, na utumishi wenyewe miaka 25, tena viongozi wa jumuiya walilazimishwa kutoa idadi iliyotakiwa. Ukimtaja mtu kwa dola ya aina hiyo humpeleki mahakamani. Bibi yangu alikuwa anasimulia habari za akida wa Mjerumani na kodi, na jinsi jina la aliyewataja wenzake lilivyokaa kwenye ukoo. Hakuna aliyemwambia bibi asome Talmudi.

Ndiyo maana ndani yao wamebishana. Rabi Yechiel Michel Epstein, aliyeishi chini ya Tsar mwishoni mwa karne ya 19, aliandika kwamba makatazo yale yalihusu tawala za unyang'anyi za zamani, si wafalme wa Ulaya wa siku zake. Wengine wanasema aliandika hivyo kwa sababu mkaguzi wa serikali alikuwa anasoma begani kwake. Katika zama zetu Rabi Elyashiv wa Yerusalemu aliruhusu kuwaripoti wanaodhuru watoto, mradi, kwa msemo wao, jambo liwe na miguu, yaani dalili za kweli na si uvumi. Na wahafidhina wengi Marekani wanashikilia kwamba kwanza umuulize rabi, ndipo uende serikalini. Hapo ndipo wanaomlaumu mzee wanaweza kumbana: hakumuuliza mtu. Mimi lawama hiyo siielewi. Kikohozi kiko chini ya sakafu, simu ya rabi imezimwa kwa Sabato, na mwenyewe hawezi kushuka ngazi.

Dada, bado nangoja jibu.

Bi Ngamiani

Mwalimu, umenitia baridi. Alionywa. Mara mbili.

Sikulisema mwanzoni kwa sababu sikujua kama lina maana. Alhamisi usiku, baada ya chakula, mzee alinituma chini: "Mwambie afunge. Mwambie nimesema mimi." Nikashuka na sahani zilizobaki, nikamkuta mwanawe kwenye korido, nikampa neno lake. Akacheka, siyo kwa ubaya, akasema mpelekee baba heri ya sikukuu. Ijumaa mchana nikatumwa tena, na safari hii mzee alinikalisha nikayarudia maneno mbele yake kama mtoto wa chuoni: wakija kesho, nitawaita polisi. Nikashuka. Mwanawe hata hakunitazama. Akasema, "Baba amechoka, mpe chai."

Nikapanda. Mzee akauliza, "Amesikia?" Nikasema amesikia. La chai sikumwambia.

Kwa hiyo wanaojua hilo tulikuwa watatu. Mmoja yuko kaburini, mmoja anasema mzee alichanganyikiwa, na wa tatu ni mimi. Binti hajui lolote, sikukuu zile hakuwepo, alikuwa kwake New Jersey. Na kwa miaka yote hii mimi nilidhani nilikuwa napeleka ujumbe wa ugomvi wa baba na mwana, nikaona aibu kuyasema.

Mwalimu Mstaafu

Basi fungu la 388 lilifuatwa hatua kwa hatua, na mtu aliyekukalisha ukariri maneno alijua anachokifanya. Mahakama ya marabi isingepokea ushahidi wako kirahisi, wewe si Myahudi. Lakini binti si mahakama.

Na mwanawe je, baada ya pale, alikuwaje?

Bi Ngamiani

Aliugua wiki ile iliyofuata. Siku 11 hospitali, akatoka, akapona kabisa. Wala hatukuwahi kulizungumza. Kila Ijumaa aliendelea kunisalimia kwenye ngazi.

Jumapili binti anakuja kunichukua saa nane, tunakwenda makaburini New Jersey. Sitamwambia kule, watu watakuwa wengi. Nitamwambia garini wakati wa kwenda, tukiwa wawili, na nitayasema maneno yale kama nilivyokaririshwa.

Nongwa, nyungu yenu ilikuwa ya nini?

Kijiwe Nongwa

Mwarobaini na mchaichai, Bi mkubwa. Na yule wa bweni, jina lake nimeliona kwenye orodha ya msiba jana, amechanga kuliko sisi wote.